Panya wa Ghala

Kila siku saa kumi, mama alipomaliza kukata vitambaa, meza kubwa ya kukatia iligeuka mali ya Kiherehere. Alizoa vipande vya nguo, akaokota pini zisije zikamchoma mtu, kisha akaweka katikati kopo la vifungo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Kiherehere, maana hakujua kutulia hata akiumwa.

Mchezo aliutunga mwenyewe, akauita Panya wa Ghala. Wachezaji ni wanne. Kila mmoja anapewa vifungo vitano na kikaratasi kilichokunjwa. Vikaratasi vitatu vimeandikwa "mkulima" na kimoja "panya". Kwa zamu, kila mchezaji anaingiza mkono kwenye mfuko mweusi wenye vifungo vichache tayari: mkulima anaacha kifungo, panya anachomoa kimoja. Baada ya mizunguko mitano wanabishana panya ni nani. Wakimkamata, wakulima wameshinda. Kiherehere mwenyewe hakucheza. Alikuwa karani wa ghala, mgawaji wa vikaratasi, na cheo hicho alikipenda kuliko sukari.

Wachezaji walikuwa mapacha wa kinyozi wa jirani, waliocheka pamoja na kununa pamoja, na wasichana wawili wa darasani kwake, Twiga na Kipanga. Twiga aliitwa hivyo kwa urefu. Kipanga aliitwa hivyo kwa akili, ingawa macho yake hayakuwa ya kipanga hata kidogo. Miwani yake ilikuwa imevunjika, na hospitali ilisema nyingine itafika baada ya mwezi. Hata akikaa dawati la mbele, maandishi ya ubaoni yalikuwa ukungu mtupu. Kwa hiyo Twiga aliketi naye na kumsomea kila mstari kwa sauti ya chini. Mwalimu aliwaruhusu kufanya hivyo hata kwenye mitihani, kwani maswali yaliandikwa ubaoni.

Kasoro ya hao wawili ilikuwa kwamba walijuana mno, hawakuwa na haja ya kutiliana shaka. Twiga akiwa panya, sauti yake ilitetemeka, Kipanga akacheka, mchezo ukaishia hapo. Mapacha walianza kupiga miayo. Siku moja walisema wazi kwamba kesho hawaji, afadhali wakaangalie mpira kwenye kibanda cha kunyolea cha baba yao.

Kiherehere aliumia. Bila mapacha hakuna mchezo, na bila mchezo yeye si karani wa chochote. Aliwabembeleza waje mara moja tu ya mwisho. Kesho yake, njiani kutoka shule, alimvuta Twiga pembeni akamwambia kwamba Kipanga anamsengenya, eti Twiga anamsomea ubao ili asifiwe na mwalimu. Kisha akamkimbilia Kipanga.

"Usimwambie mtu," alimnong'oneza. "Twiga anasema akitaka anaweza kukusomea namba kinyumenyume, na wewe usijue."

Yote mawili yalikuwa uongo. Alitaka shaka kidogo tu, ya kukoleza mchezo.

Na kweli ulikolea. Mzunguko wa pili tu, Kipanga alimnyooshea Twiga kidole. Twiga akamwambia mtu asiye na shukrani ndiye panya. Vifungo vilirushwa, mapacha wakapanda juu ya stuli kwa furaha, na mwisho ikajulikana kwamba panya alikuwa pacha mmoja, aliyekuwa ametulia tuli. Mapacha waliapa hawatakosa hata siku moja. Nisiwafiche, jioni ile Kiherehere alijiona fundi.

Asubuhi Kipanga alihama dawati. Alimwambia Twiga asijisumbue kumsomea tena. Siku hiyo kulikuwa na jaribio la hesabu, na Kipanga alilazimika kusimama pua ikigusa ubao, anasoma namba, anarudi kuandika, anasahau, anainuka tena. Darasa lilicheka. Penye sabini na moja aliandika kumi na saba. Alipata tisa kati ya thelathini, yeye ambaye hakuwahi kushuka chini ya ishirini na tano. Mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa Ijumaa, siku tatu tu mbele, na asiyefika nusu angerudia darasa.

Tangu hapo Kiherehere hakukaa wala hakulala. Alitoka mpaka mlangoni akarudi, akatoka tena. Mama alimpa kitambaa cha kupinda, na pindo likaenda upogo.

Akaona njia ya kutengeneza mambo. Alimfuata Kipanga uani shuleni, akamnong'oneza kwamba Twiga anampenda sana, amelia usiku kucha.

Kipanga alirudi nyuma hatua moja. "Juzi ulininong'oneza vile, leo hivi," alisema. "Sasa nikuamini lini?"

Kiherehere alirudi nyumbani. Mama alikuwa akifumua mshono wa sketi kwa ncha ya wembe. Kiherehere alisimama mbele ya cherehani akamweleza yote, mpaka mnong'ono wa mwisho. Mama hakuacha kufumua.

"Nifanyeje, mama? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini sakafu inafutwa. Umewasemea pembeni mmoja mmoja. Sasa waite wote, uyaseme hapa mezani, wote wakisikia."

Kiherehere aliomba mama awaambie yeye. Mama alikata uzi kwa meno, akasema mdomo uliosema uongo si wake.

Basi Kiherehere aliwaita, na saa kumi walikuja. Mapacha waliulizia vikaratasi, wakaambiwa leo hakuna. Twiga na Kipanga walikaa ncha mbili za meza. Kiherehere alisimama katikati yao. Alisema alichomwambia Twiga, akasema alichomwambia Kipanga, akasema hakuna hata neno moja lililokuwa kweli. Aliwaomba radhi.

"Kwa hiyo hukusema?" Kipanga aliuliza upande wa Twiga.

"Sikusema. Lakini wewe uliamini."

Kipanga aliinamisha kichwa. "Siwezi kuona nikahakikisha. Nina sauti yako tu. Nilipoambiwa hata hiyo ni ya uongo, niliogopa."

Naye Twiga alikiri kwamba aliamini upesi, akakasirika bila kuuliza. Kisha akavuta stuli yake mpaka ubavuni mwa Kipanga, akafungua daftari lake kwenye lile jaribio la hesabu.

"Swali la kwanza," alisoma kwa sauti ya chini. "Sabini na moja mara nne."

Kipanga alitafuta kalamu.

Ijumaa walifanya mtihani dawati moja, na majibu yalipotoka Kipanga alikuwa na ishirini na sita kati ya thelathini. Alimsalimia Kiherehere siku ileile. Twiga hakumsemesha.

Kiherehere alimlalamikia mama kwamba amesema ukweli na bado mtu amemnunia. Mama alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, kwenye mchezo kila mtu amekubali kudanganywa, na anajua utaisha saa ngapi. Mkiondoka mezani mnarudi kuwa marafiki. Lakini uliwafuata njiani, ukawachezea bila wao kujua. Hiyo ni fitina, na fitina haiishi kwa sababu wewe umechoka nayo. Anayegombanisha watu ili afurahi, atafurahi peke yake. Twiga hana deni la kukusamehe leo. Wewe ndiye wa kungoja."

Kiherehere alisema amesikia. Alikaa kidogo, akainuka, akavaa viatu. Kisha akaenda kwao Twiga kuomba msamaha mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemtuma.