Kura ya Kiti Kitupu

Kila Jumatatu ya majira ya baridi, Verlyn Haugerud aliwalisha ng'ombe wake kabla hapajapambazuka, akavaa suti yake pekee, akaendesha gari maili mia na arobaini hadi makao makuu ya jimbo. Alikuwa mbunge wa bunge la jimbo, lile linalokaa miezi mitatu tu kwa mwaka na kuamua mambo ya barabara, shule na hospitali. Miezi mingine tisa alikuwa mkulima kama majirani zake. Wiki ile shule ya Kettle Fork ilifungwa kwa sababu mtambo wa kupasha joto madarasa uliharibika, basi akafuatana na binti yake, Marit, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Watoto wa wabunge waliruhusiwa kukaa kando ya meza za wazazi wao, mradi wasipige kelele.

Haugerud hakuingia katika siasa kwa kupenda. Miaka tisa iliyopita mkewe alibanwa na kifua, na zahanati ya Kettle Fork ilikuwa imekwisha kufungwa. Alifia njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari lao, maili ishirini kabla ya kufika hospitali. Wakubwa wa jimbo walituma kadi ya rambirambi yenye sahihi iliyopigwa kwa mashine. Mwaka uliofuata Haugerud akagombea. Alibisha hodi shamba kwa shamba, akashinda kwa tofauti ya kura sitini na moja. Bungeni wakubwa wa chama walimtupa kwenye kamati ya magugu na mitaro, akasota huko miaka sita, maana asiyewapigia magoti hapewi kitu. Sasa muswada wake ulikuwa umefika mbele ya bunge zima: kila mji mdogo ubaki na gari la wagonjwa. Usipopita, gari la Kettle Fork lingeondolewa mwezi wa sita.

Wabunge walikuwa arobaini na saba. Kila mmoja alikuwa na vitufe viwili mezani, cha kijani cha kukubali na chekundu cha kukataa, na kura yake iliwaka ukutani kando ya jina lake. Marit alishangaa kuona jinsi walivyotoka ovyo kwenda kunywa kahawa huku jirani wa meza akiwabonyezea. Jirani wa baba yake, Bwana Orrin Pell, mtu mnene mcheshi, alikuwa na fimbo ya kujikunia mgongo ambayo aliitumia kufikia meza za wenzake.

"Juzi nimepiga kura tatu kwa pumzi moja," alimwambia Marit. "Zile mbili ambazo si zangu ndizo zilizokuwa na akili."

Marit alicheka. Baba yake hakucheka, lakini hakusema neno pia.

Alhamisi, zamu ya muswada ilifika. Haugerud alitakiwa kusimama mbele kuutetea, akamwambia Marit kengele ikilia ambonyezee kile cha kijani. Naye Pell alianza kuhema. Alinong'ona kwamba watu wa kwao wanalitaka lile gari, wakubwa wa chama wamemwonya alikatae, na yeye ana kichwa kimoja tu, afadhali akakinyoe. Akateremka kwa kinyozi, fimbo yake akaiacha mezani.

Kengele ikalia. Marit akabonyeza kitufe cha baba yake, akatazama ukutani. Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Jina moja tu halikuwaka, la Pell. Spika, Mama Lucille Brandvold, akainua nyundo. Marit hakufikiri sana. Alifanya alichoona watu wazima wakifanya wiki nzima: akaichukua fimbo, akanyoosha mkono, akabonyeza cha kijani.

Nyundo ikagonga. Muswada umepita.

Furaha haikumaliza dakika. Mbunge mmoja wa upande wa pili akasimama, akaonyesha kiti cha Pell kilivyo kitupu, akataka kura zihakikiwe. Mama Brandvold akaagiza milango ifungwe kwa ufunguo. Hatoki mtu, akasema, mpaka Bwana Pell apatikane. Askari wakatumwa kumtafuta.

Marit alisikia kufuli moja, kisha la pili. Baba yake akarudi kuketi, uso wake umechangamka kuliko alivyowahi kumwona, akasema marehemu mama yake Marit angefurahi siku hii. Ukumbi ulikuwa na joto, na mabomba ya mvuke ya ukutani yalizomea. Aliomba kwenda chooni; askari wa mlangoni akatikisa kichwa, kwa kuwa choo kilikuwa nje. Akahesabu milango. Ilikuwa minne, na hata yote ingefunguliwa, alijua asingekuwa na pa kwenda.

Baada ya dakika arobaini wakamleta Pell, nusu ya kichwa imenyolewa, kitambaa cha kinyozi kingali shingoni. Watu wakaangua kicheko. Mama Brandvold hakucheka.

"Bwana Pell, hiyo kura ni yako?"

Pell akatazama ukutani, akaona kijani. Akiikana, atakiri mbele ya jimbo zima kwamba alikimbia. Macho yake yakapita juu ya fimbo, yakamfikia Marit, yakahama upesi.

"Ni yangu," akasema. "Nilibonyeza, kisha nikatoka."

Askari akatoa ufunguo. Mambo yalikuwa yamekwisha, na Marit angeweza kunyamaza hadi uzeeni. Lakini alihisi sasa ndipo amefungiwa hasa. Akamvuta baba yake mkono wa koti.

"Baba, hakubonyeza yeye. Ni mimi."

Haugerud hakugeuka. Alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikapauka, kwa kitambo ambacho Marit alikiona kirefu kuliko zile dakika arobaini. Kisha akasimama.

"Mama Spika, kura ile kaibonyeza binti yangu. Na ya kwangu pia kaibonyeza yeye, kwa agizo langu. Kosa ni la kwangu."

Kura ikarudiwa, kila mtu kitini pake. Pell, wakubwa wake wakimkazia macho, akabonyeza chekundu. Muswada ukaanguka kwa kura moja.

Jioni, katika chumba chao cha kupanga, Marit alilia akisema ameua gari la mji mzima. Baba yake akamwacha alie, kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Aliwahi kumhoji mlinzi mzee wa ukumbi kuhusu siku ile zahanati yao ilipopigiwa kura ya kufungwa. Viti kumi na kimoja vilikuwa vitupu. Wenyewe walikuwa kwenye chakula, majirani waliwabonyezea.

"Nikaja humu nikaukuta mchezo ule ule, nikanyamaza miaka yote," akasema. "Wewe umejifunza kwangu."

Kwa kanuni za bunge lile, muswada ulioanguka hauwezi kufufuliwa ila na mtu aliyeukataa. Ijumaa asubuhi aliyeomba ufufuliwe alikuwa Mama Brandvold mwenyewe. Alisema aliukataa kwa kuamini kwamba Haugerud, katika makaratasi ya muswada wake, ametia chumvi idadi ya wagonjwa waliofia njiani, kama wanavyofanya wengi mle ndani. Lakini mtu asiyekubali kura moja ya uongo hata kwa jambo kama hili, anastahili kusomwa. Usiku uliotangulia alikuwa ameyasoma makaratasi hayo yote. Aliwaamuru wote waketi, kila mmoja abonyeze chake. Muswada ukapita kwa kura ishirini na sita, ingawa ulirekebishwa ulinde magari hayo kwa miaka miwili tu. Pell naye alibonyeza kijani, maana upepo ulikuwa umegeuka.

Wakiwa njiani kurudi, Haugerud alimwambia binti yake, "Jana tungelipata gari kwa ujanja. Kesho wengine wangetunyang'anya kwa ujanja huo huo, na tungekosa mdomo wa kulalamika. Mtu akisema kweli inayomuumiza mwenyewe, watu humwamini hata kwa mengine. Shika hilo, mwanangu."

Marit akauliza kama miaka miwili inatosha.

"Haitoshi," baba yake akajibu. "Ndiyo maana nitagombea tena."