Sanduku la Mjerumani

Kila Jumamosi asubuhi, Mwanamkasi na wenzake wa klabu ya historia hufagia baraza la maktaba ya watoto, mtaani Chumbageni. Ni jumba la enzi za Mjerumani, lenye kuta nene na nguzo nne zinazoshika paa la baraza. Watoto wadogo hupenda kusomea hapo kwa sababu pana upepo.

Jumamosi moja walikuja wageni, wanafunzi wa shule moja ya mtaa wa Mabawa. Mwalimu Praxeda, mlezi wa klabu, alimpa Mwanamkasi kazi ya kuwatembeza. Akaeleza mawe ya matumbawe, akaeleza chokaa. Wageni wakapiga miayo. Basi binti wa watu, kwa kutaka sifa, akaigonga nguzo ya mwisho na kusema kuwa Mjerumani alipokimbia vita alizika sanduku la dhahabu pale chini. Lo! Macho yakawatoka. Maswali yakamiminika, naye akazidi kutia chumvi, mpaka sanduku likawa na kufuli la shaba. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Jumamosi iliyofuata walikuta nguzo ile imechimbwa hadi msingi unaonekana, na paa limeanza kuinama. Baraza lilizungushiwa kamba. Fundi alisema nguzo inaweza kuokolewa, lakini ikichimbwa tena, baraza lote litaanguka. Na wachimbaji wangerudi tu, maana sanduku hawakulipata.

Mwanamkasi alijua wamechimba kwa sababu ya hadithi yake. Hakuna aliyemshuku, na kuumbuka mbele za watu alikuogopa kuliko viboko. Lakini alimwona mtoto mdogo amesimama nje ya kamba, kitabu mkononi, hajui akae wapi. Akamfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Hakuna sanduku. Nilitunga mimi."

Mwalimu Praxeda aliitikia marahaba. Kisha akasema, "Mimi sasa nimejua. Wenzako wa Mabawa bado hawajajua."

Jumatatu, Mwanamkasi alisimama mbele ya mstari wa shule ile ya Mabawa. Alisema yote. Wengine walimcheka, wengine walimzomea. Wavulana wawili wa darasa la saba hawakucheka, waliinamisha vichwa. Jumamosi walifika Chumbageni wenyewe, wakaomba radhi kwa kuichimba nguzo, wakaanza kumbebea fundi mawe.

Mwanamkasi alikuwa akikoroga chokaa mwalimu alipochuchumaa kando yake.

"Unajua nani walibeba mawe haya mara ya kwanza?" aliuliza mwalimu. "Babu zetu. Tena hawakuulizwa kama wanataka. Ukimtungia Mjerumani sanduku la dhahabu, watu watamkumbuka yeye na kuwasahau wao. Ukweli ndio haki yao, mwanangu. Usiwanyime kwa kutafuta sifa."

Mwanamkasi alifuta machozi kwa mkono wenye chokaa. Nguzo ilipokauka, kamba ikaondolewa. Wageni wengine walipokuja, yeye ndiye aliyewatembeza, na alianza kwa kuwaeleza habari za waliobeba mawe.