Mbili, Nakuacha

Walikutana wakigombania waya. Duka la vifaa vya umeme lilijaa watu mpaka mlangoni, na waya wa kamera wa mita ishirini ulikuwa umebaki mmoja tu ukutani. Mwanamke mwenye kilemba chekundu aliushika mwisho huu. Mwanamume mrefu, viatu vyake vimepigwa kiwi, akaushika mwisho ule.

"Kaka, achia."

"Dada, nimeuona kwanza."

"Kuona si kushika. Mimi nina harusi saa nane."

"Unaolewa?"

"Narusha! Narusha harusi ya watu mtandaoni. Achia kabla sijakuaibisha."

Hakuachia. Alikuwa mpiga kamera asiye na kazi siku hiyo, basi akaufuata waya wake mpaka harusini na kupewa kamera namba mbili. Kuanzia hapo kila mtu alimwita Mbili.

Mwanamke naye walimwita Bosi. Alikuwa na sanduku la kubeba kwa mkono mmoja, ambalo ukilifunua ni studio nzima: skrini, safu ya vitufe, laini nne za simu zinazorusha kwa pamoja, na kumbukumbu ya kila kamera peke yake, picha na sauti. Alilipenda kuliko alivyowapenda watu wengi, na wengi wao walistahili hivyo.

Kwenye hedifoni za kazi maneno ni machache. Akitaka picha ya kamera fulani husema "nakuchukua", na taa nyekundu huwaka juu ya kamera hiyo. Akihamia nyingine husema "nakuacha".

"Mbili, nakuchukua."

"Nichukue jumla, mpenzi."

"Nyamaza, shika picha. Mbili, nakuacha."

"Uniache salama."

"Jamani, sote tunasikia," alinung'unika Moja, binamu yake Bosi, mwenye kamera namba moja na kitambi.

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha ikaja harusi moja kubwa, na asubuhi yake laini mbili zikakataa kushika. Bosi alikuwa amefura kwelikweli. Mbili, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, akachagua saa hiyohiyo kumuuliza.

"Na sisi lini?"

"Lini nini?"

"Ndoa, mama. Halafu, betri ya sanduku umechaji?"

"Usinifundishe kazi! Na usiniulize habari za ndoa nikiwa nimebeba sanduku!"

Saa nane bibi harusi akaingia. Watu wakasimama wote kwa mpigo, simu juu.

"Mbili, nakuchukua."

Kwenye skrini, mahali pa bibi harusi pakatokea viatu. Viatu na zulia, na jamaa za watu mtandaoni wanaangalia.

"Mbili! Inua kamera!"

Viatu vikabaki palepale.

"Unanikomoa kwa sababu ya asubuhi? Nakuacha! Unasikia? Nakuacha kabisa!"

Akahamia kwa Moja. Mama wa bibi harusi alikuja kumsema Bosi mbele za watu, mpaka Bosi akakosa pa kuweka uso. Kwa hiyo Mbili alipofika kwenye sanduku, shati limejaa vumbi kifuani, alimkuta anachemka.

"Kule kuacha," aliuliza taratibu, "kulikuwa kwa kamera au kwangu?"

"Chagua mwenyewe."

Mbili akaiweka hedifoni juu ya sanduku na kutoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hasira haisikii methali.

Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Kila mmoja alijiona ndiye aliyeonewa. Kisha wazazi wa bibi harusi wakataka video isiyo na viatu, na Jumanne asubuhi Bosi akaifungua kumbukumbu ya kamera namba mbili kwenye skrini kubwa.

Aliona wageni wakisukumana. Picha ikapinduka, stendi ikianguka, kisha ikatulia karibu na sakafu: Mbili alikuwa ameidaka kamera kwa mkono wa kushoto. Pembeni kabisa mwa picha, kiatu cha mgeni kikaipiga plagi ya sanduku kwenye ekstensheni, na mkono wake wa kulia ukairukia na kuikandamiza.

"Bosi, plagi! Plagi inachomoka!"

Sauti hiyo haikumfikia, kwa kuwa kitufe cha kusemea kilikuwa kiunoni na Mbili hakuwa na mkono wa tatu. Betri ya sanduku haikuwa na chaji hata kidogo. Plagi ingetoka, harusi yote ingezimika. Dakika sita alilala kifudifudi kati ya miguu ya watu. Na mara baada ya zile kelele za Bosi hedifonini, sauti ya chini: "Sawa, niache. Lakini leo huzimiki."

Bosi alilia kwa hasira, zamu hii akijikasirikia mwenyewe. Akapiga simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia?"

"Una kiburi wewe!"

"Na wewe una mdomo. Umepiga kunitukana?"

"Nimepiga... Jumamosi nina mahafali. Nahitaji kamera ya pili."

"Nitakuja kwa kazi tu."

"Kwa kazi tu."

Mbili alikuja. Alimsalimia Moja, akampita Bosi kama nguzo. Mgeni rasmi alipozama katika hotuba yake ndefu, hedifoni zikanong'ona.

"Mbili."

"Nakusikia."

"Nimeiona ile kumbukumbu. Nilikosea, nikakuumiza."

"Ulisema nichague mwenyewe."

"Nilisema upumbavu. Na wewe uliniuliza lini. Hata mwezi ujao, mimi niko tayari." Akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. "Mbili, nakuchukua."

"Kwa muda gani?" Sauti yake ilikuwa bado kali.

"Lile neno la pili silisemi tena. Nitatafuta jingine la kazi."

"Sote tunasikia," alisema Moja, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Mjibu basi, bwana, hotuba inaisha!"

Picha ya kamera namba mbili, ambayo haikuwahi kutikisika yenyewe, ikatikisika.

"Betri umechaji?"

"Nimechaji. Na ya akiba pia."

"Basi nichukue jumla."