Alinizika Mkutanoni Nikiwa Hai

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na minne, mkutubi katika chuo kimoja hapa Moshi. Nyumbani ni Kibosho. Naandika haya nikiwa na hasira, sitawaficha... kwa sababu aliyeniumiza ninamwona kila siku ya kazi.

Aikande nilimpokea mimi alipoajiriwa, binti mgeni kutoka Kwa Sadala, hajui hata kupanga vitabu kwa namba zake. Nilimfundisha, akawa kama mdogo wangu. Sikukuu alipanda kwetu mlimani, akamsaidia mama mkwe kumenya ndizi. Aliniita dada.

Miaka ile ya tisini mkutano wa kila mwaka wa wakutubi ulikuwa kila kitu kwetu. Serikali ilikuwa imepunguza mafungu, vitabu vipya havinunuliwi. Ukitaka chochote, iwe vitabu vya msaada au nafasi ya masomo, lazima ujulikane. Nami nilijulikana! Nilikaa meza moja na watu wa Mwanza, wa Mbeya, wa Unguja, tukapeana habari na kusaidiana. Mzee mmoja wa kamati ya mkutano, nitamwita Mzee Mashaka, aliniahidi kwamba nafasi ya kusoma Botswana ikitoka, jina la kwanza litakuwa langu.

Ndipo mume wangu akaugua figo. Alikonda akabaki mifupa... Aikande alikuwepo. Alimletea mtori, supu yetu ya ndizi, hospitalini, alikaa pamoja nami daktari alipotueleza ugonjwa wenyewe. Nje ya ukoo wetu, nani aliujua ukweli kuliko yeye?

Tulimzika mkutano ukiwa umekaribia, nikamwomba Aikande aende badala yangu. Nilimtajia watu wangu wote, nani wa kumwona, nani wa kumsalimia. Nikamwambia awaeleze kwamba mwakani nitakuja mwenyewe. Akarudi na pole nyingi kutoka kwao. Sikujua zilikuwa pole za namna gani...

Mwaka uliofuata chuo kikasema kina nauli ya mtu mmoja, na kwa kuwa Aikande alishazoeleka huko, akaenda tena. Muda si mrefu nafasi ya Botswana ikatoka. Akaipata Aikande. Nililia chumbani, nikajifuta machozi, nikampikia chakula cha kumuaga. Nilidhani ni bahati yake tu. Mjinga mimi!

Yeye akiwa huko, mkutano ukafanyika Arusha, nikaenda. Nilipoingia ukumbini watu walitazamana. Mwenzangu wa Mbeya, ambaye siku zote tulilala chumba kimoja, alisema safari hii atalala kwa ndugu yake. Chai ilipoletwa, kiti cha kulia kwangu kitupu, cha kushoto kitupu. Nilijikagua nguo, nikadhani nimechafuka.

Jioni Bi Zuhura wa Unguja alinivuta pembeni.

"Dada, mbona tuliambiwa huinuki kitandani?" aliniuliza. "Tuliambiwa mumeo kafa kwa ukimwi, na wewe huna siku nyingi."

Nikamuuliza nani aliyesema hayo.

"Mdogo wako. Tena alikuwa analia."

Analia... Jamani, mnaielewa hiyo? Alitoa machozi ili aaminike!

Hapo ndipo nilipoelewa hata ya nyumbani. Wanawake waliokuwa wakinunua maziwa ya ng'ombe wangu walikuwa wameacha mmoja mmoja, nami nilidhani ni kwa sababu bei ya kahawa imeanguka. Kumbe maneno yalishapanda mlima!

Aikande aliporudi alipewa ukuu wa maktaba, akawa bosi wangu. Nilimfuata ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia ninayoyajua. Hakukana. Alinitazama tu kama mtu aliyekatizwa kazi.

"Ungeenda wewe," alisema, "mimi ningebaki kufuta vumbi kwenye rafu mpaka lini?"

Nilimwomba angalau awaambie watu ukweli. Akajibu kwamba yaliyopita yamepita, na kuanzia siku hiyo tukiwa kazini nisimwite mdogo wangu.

Mkutano uliofuata nilijilipia nauli. Wakati wa kujitambulisha, yeye akiwa meza kuu, nilisimama.

"Mume wangu alikufa kwa figo," nilisema. "Mimi si mgonjwa. Na hata ningekuwa mgonjwa, bado ningeweza kusoma na kufanya kazi."

Aikande alijimiminia maji, akanywa taratibu. Hakuna aliyemuuliza neno. Hakuna! Mzee Mashaka alinifuata mlangoni, akanishika mkono, akasema walinisikitikia sana, ila masomo yale sasa hayachukui mtu wa umri wangu.

Kanisani wananiambia nisamehe. Sijasamehe. Asubuhi namwamkia kwa sababu wanangu wanakula kwa mshahara huu, basi.

Nawasihi, hasa ninyi mnaoishi kwa kujuana na watu: nendeni wenyewe. Hata ukiwa na msiba, andika mistari miwili kwa mkono wako, usimwachie mwingine akusemee. Na ninyi mnaoletewa habari ya mtu kwa machozi, mtafuteni mwenyewe kabla hamjamfuta. Watu wale walikuwa marafiki zangu kwa miaka. Simu ya maktaba ilikuwa juu ya meza yangu, namba walikuwa nayo... hakuna hata mmoja aliyepiga.