Niling'oa Injini ya Marehemu Shemeji

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Ni fundi umeme wa magari hapa Songea, nina mke na watoto wanne. Tangu nianze kushika koleo na waya, hakuna gari lililoingia kwenye banda langu likatoka bila taa kuwaka. Sijisifu, wasomaji wenzangu... Nataka tu mjue kwamba ujinga ninaotaka kuwaeleza haukufanywa na mtu asiyejua kazi. Ulifanywa na fundi!

Dada yangu Agnella ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tatu, naye alikuwa ameshaolewa na Mwalimu Wendelini. Walinichukua wakanisomesha, na nilipomaliza shule shemeji mwenyewe alinishika mkono akanipeleka kujifunza ufundi. Sikuwahi kuitwa mtoto wa kufikia katika nyumba ile.

Shemeji alikuwa na kigari kidogo cha kizamani, kile chenye mgongo kama wa kobe na injini nyuma. Aliuziwa na wamisionari kikiwa tayari kimezeeka, akakitunza kama mboni ya jicho. Kila asubuhi injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo, kisha ikanguruma. Dada akisikia mlio huo alijua chai imechelewa. Mtaa mzima wa Mfaranyaki uliujua mlio huo.

Shemeji alipofariki, Mungu amrehemu, gari lilibaki chini ya kibanda cha nyasi. Halikuwa bovu! Miaka ile petroli ilipatikana kwa kibali, na kibali mjane wa mwalimu angekipata wapi? Dada alikuwa akilipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji, mpaka matairi. Kabla ya kufa, shemeji alimwahidi binti yao Kresensia kwamba siku ya ndoa atapelekwa kanisani na gari lile. Dada aliishikilia ahadi hiyo. Kitu pekee alichoniomba maishani mwake ni hicho: Kanuti, hakikisha gari la baba yake linamfikisha mtoto kanisani.

Mchumba akapatikana, siku ikapangwa. Petroli hakuna.

Hapo ndipo shetani aliponiletea gazeti. Bruda mmoja wa misheni, Mjerumani mzee, aliniletea vipuri vya lori lao vikiwa vimefungwa kwenye kurasa za gazeti la kwao. Nilipozikunjua nikaona picha... Kigari kama cha shemeji, kimefunguliwa nyuma, hakina injini! Mahali pa injini pana mota ya umeme, na kwenye kiti cha nyuma zimepangwa betri. Mzungu amesimama kando anacheka. Kijerumani sijui hata neno moja, lakini nilijiambia maandishi ya nini wakati picha zinaonekana? Mota naijua. Betri nazijua. Petroli ya nini tena?

Kumbe bruda alikuwa hapo hapo, anakunywa maji kwenye benchi langu! Ningemwomba anisomee, ingechukua dakika mbili tu. Nilimficha, nikaogopa ataniibia wazo langu. Hebu niambieni, mzee yule aibe wazo la fundi wa Mfaranyaki aende nalo wapi?

Nilimwendea dada nikamwambia gari litatembea bila tone la mafuta. Aliuliza swali moja tu: na injini ya Wendelini je? Nikamwambia nitaifunga kwenye gunia niiweke bandani kwangu, salama. Akanipa ufunguo. Hakuuliza tena.

Sasa sikilizeni nilichofanya... Mota na betri sikuwa navyo. Aliyekuwa navyo ni bwana mmoja wa Maposeni, Mapunda, mtu wa kununua vyuma vya mitambo iliyokufa. Alikuwa na mota ya mashine ya kunyanyulia magunia aliyoitoa upande wa Tunduru, na betri nane za lori. Yeye alitaka injini ndogo ya kuzungushia mashine ya kusaga, kwa sababu kijijini kwao umeme ulikuwa haujafika, na kibali cha mafuta ya kusagia yeye alikuwa akikipata. Tukabadilishana. Injini ya shemeji ikapandishwa kwenye tela la trekta, ikaenda.

Dada sikumwambia. Nilipanga kumweleza gari likishatembea, tucheke wote. Mimi!

Nilifanya kazi wiki nyingi. Mota ilikataa kukaa sawa kwenye giaboksi, nikachonga, nikachomelea, nikaungua vidole. Chaja niliisuka mwenyewe. Hatimaye asubuhi moja kigari kilitembea uwanjani, kimya kabisa, kinanguruma kidogo tu kama friji. Watoto walikikimbilia wakipiga kelele. Dada aliziba mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka. Wasomaji, siku ile nilijiona mtu mkubwa kuliko wote Songea.

Uwanja ule ni tambarare. Na Songea yetu mnaijua, ni kupanda na kushuka.

Wiki ya harusi umeme ukaanza mgawo. Mitambo ya mji ilikuwa inaendeshwa kwa dizeli, na dizeli ilikuwa haifiki. Yaani mafuta yale yale niliyokuwa nayakimbia ndiyo yaliyokuwa yanajaza betri zangu! Sikuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja. Ijumaa umeme ulikatika mchana, betri hazijafika hata nusu. Bruda alisikia habari za harusi, akatuma ujumbe kwamba pikapu ya misheni ina mafuta kidogo, tukitaka atakuja kumchukua bibi harusi. Nikamjibu asante, gari lipo. Nilijibu kwa kiburi, na dada alikuwa pembeni akinisikia na kuniitikia kwa kichwa. Aliniamini.

Jumamosi Kresensia alikaa mbele kwa sababu nyuma kote ni betri, na mkia wa gauni lake tukaulaza juu ya ubao uliozifunika. Tuliteremka vizuri mpaka darajani, watu wanapiga vigelegele. Tulipoanza kupanda, kigari kikapunguza mwendo... kikapunguza... kikasimama. Kisha kikaanza kurudi nyuma! Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Betri ziliteleza, ubao ukapinduka, harufu ya asidi ikajaa ndani. Bibi harusi alipanda mlima ule kwa miguu, viatu mkononi, jasho limeharibu poda. Wanaume wa kwaya walikisukuma kigari huku wakinitania kwamba fundi ametengeneza toroli. Padre alikuwa amesubiri mpaka amechoka.

Gauni lilikuwa la kuazima. Lilipofuliwa Jumatatu, sehemu iliyoguswa na asidi ilitoboka matundu kama chujio. Kresensia alilia kuliko alivyolia siku ya harusi.

Dada hakunigombeza. Alisema tu kwa upole kwamba nimejaribu, basi, sasa nirudishe injini ya Wendelini mahali pake. Hapo ndipo ningesema kweli, nikapigwa makofi, yakaisha! Badala yake nikasema injini inahitaji kusafishwa. Wiki iliyofuata nikasema nasubiri boliti. Kisha nikasema naumwa mgongo. Ndugu zangu, uongo wa kwanza niliusema kwa aibu, lakini wa nne niliusema huku nakunywa chai yake.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba haukupita muda mrefu petroli ikajaa! Mambo yakafunguliwa, miaka ya ruksa, mafuta yakauzwa bila kibali, magari yaliyolala miaka mingi yakafufuka. Ningesubiri kidogo tu nisingehitaji mota wala betri. Siku moja dada alikuja bandani kwangu na dumu la petroli kichwani, amelibeba kutoka kituoni kwa miguu, anatabasamu kama msichana. "Imepatikana, Kanuti! Weka injini tumwashie mzee gari lake."

Nikamwambia wiki ijayo.

Msimu wa mavuno dada aliniomba nimsindikize Maposeni, kwenye shamba la wazazi wetu, nimbebee gunia la mahindi kwa baiskeli tukasage huko huko kabla ya kurudi mjini. Nilimbembeleza tukasage mjini, nikasema mashine za kijijini zinatoa unga wa mabonge. Alicheka akaniambia nimekuwa mvivu. Tukaenda, mimi nasukuma baiskeli miguu ikigoma.

Tulikuwa bado barabarani tuliposikia. Mashine ilikuwa imezimwa, mtu akaiwasha. Ikakohoa mara mbili... ikanyamaza kidogo... kisha ikanguruma.

Dada alisimama. Aliteremsha beseni kichwani taratibu akaliweka chini.

"Kanuti," alisema, "hiyo ni gari ya Wendelini."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema injini hufanana, dada. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa mashine. Na Mapunda, mtu mwema, asiyejua lolote, alitoka mweupe kwa unga, akampa shikamoo, kisha akaniona mimi. Akafurahi kweli! "Karibu, mlongo wangu, karibu ndugu yangu! Fundi, injini uliyonipa haijanisumbua hata siku moja. Asubuhi inakohoa mara mbili tu, basi, inapiga kazi!"

Dada aliingia ndani. Aliinama akaitazama injini ile, akaona waya wa shaba ambao shemeji aliufunga mwenyewe kushikilia kifuniko. Akaugusa kwa kidole. Alitoka, akapanga foleni na wanawake wengine, akasaga mahindi yake, akajitwisha unga. Njia nzima mpaka mjini alitangulia, mimi nikisukuma baiskeli nyuma yake.

Baadaye nilimwendea Mapunda nikapiga magoti anirudishie. Alinihurumia, lakini aliniuliza anirudishie kwa badala gani? Betri zilikuwa zimekufa, mota nimeiunguza. Na vijiji vinne vinasaga pale. Nikarudi kwa dada nikamwambia nitatafuta nyingine kama ile.

"Iache isage," alisema. "Yenyewe angalau inafanya ilichosema itafanya."

Nilimpelekea bruda zile kurasa, sijui nilitafuta nini, labda wa kumlaumu. Alivaa miwani akanisomea. Gari lile la kwenye picha lilikuwa la kubebea wageni kwenye viwanja vya maonyesho, kuzunguka pale pale, kwenye sakafu ya saruji. Iliandikwa wazi chini ya picha!

Dada ananipokea mpaka leo. Nikifika anapika, ananiuliza habari za watoto. Lakini redio yake ilipoharibika alimpelekea fundi mwingine, na nyaya za nyumba yake zilitengenezwa na mtu nisiyemjua. Kazi ya mikono yangu haingii tena katika nyumba iliyonilipia kuijua. Kigari kipo chini ya kibanda, kuku wanataga ndani. Dada hakipangusi tena. Na ingawa mtaani kwetu sasa kuna mashine mbili za kusaga, kila akitaka unga anajitwisha mahindi kwenda Maposeni. Wanawake wa huko wameniambia kwamba anafika mapema kabla haijawashwa, anakaa kwenye jiwe, anasubiri.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mafundi wenye vipaji, nawasihi. Jaribuni mambo mapya, lakini jaribuni kwa vitu vyenu. Kizima cha mtu msikifungue kabla hamjajua kitakachokaa mahali pake. Msiposoma, ulizeni. Na kama kuna mtu leo anauliza kitu chake kiko wapi, nawe unamjibu wiki ijayo, nenda ukamwambie kweli akiwa bado anakuuliza.

Dada yangu alishaacha kuniuliza. Lile dumu la petroli bado liko bandani kwangu, kwenye kona alipolitua siku ile, na sijui nimrudishie kwa maneno gani.