Sauti Iliyokuwa Chini ya Wimbo

Nilikuwa nakunja nyaya za spika, jua linazama, mdogo wangu alipoingia dukani na sare yake ya shule.

"Dada, nisaidie. Chuo cha muziki hawapokei faili hii ya wimbo wangu niliyorekodi kwa simu. Wanataka ya aina nyingine, mwisho leo saa mbili usiku."

"Siku zote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri ufurahi. Nikaona nitasubiri mpaka meno yaning'oke."

Alicheka, akaniachia simu, akakimbia nyumbani kumsaidia mama.

Sikucheka. Baba alipofariki, ada ilitosha mtoto mmoja. Mimi ndiye niliyetolewa shule, nikaletwa dukani kwa mjomba kuhamisha nyimbo za watu. Na wimbo aliouimba ni mimi niliyemfundisha, neno kwa neno, tukiosha vyombo.

Nilimwonea wivu.

Kila faili ya sauti ina namba yake, yaani vipande vingapi vya sauti kwa sekunde moja. Ya kwake ilikuwa elfu arobaini na nane. Ukiidanganya kompyuta kwamba ni elfu ishirini na nne, wimbo hujivuta mara mbili, mzito kama mgonjwa anayeota. Wateja hutulalamikia kila siku kwa tatizo hilo, na dawa yake naijua.

Niliandika ishirini na nne. Kwa makusudi.

Tena nilifanya kosa la watu wa kazi yetu. Niliuhamisha wimbo kutoka kwenye simu badala ya kuunakili, kisha nikahifadhi juu ya ule wa mwanzo. Haukubaki mwingine.

Nikavaa vipokea sauti. Sauti ya mdogo wangu ilijikokota... ikanguruma... Nikatabasamu.

Kisha, chini ya wimbo, mtu akaongea.

Yeye hakujikokota. Aliongea kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pembeni.

"Sauti hii inakuudhi?"

Feni ikasimama. Harufu ya nywele zinazoungua ikanijia puani.

"Niichukue?"

Ilinipasa kuvua vile vipokea sauti. Badala yake nilinong'ona.

"Ichukue."

Simu yangu ikalia. Mama.

"Njoo nyumbani. Mdogo wako anaongea... sijui niseme nini. Neno moja linamchukua dakika nzima."

Nikasikia nyuma yake sauti nene, ya chini, ikivutwa.

"Daaa... daaa..."

Ananiita mimi.

Nilifungua faili, nikaiambia kompyuta namba yake ya kweli, arobaini na nane, nikaigeuza upya. Mstari ukatambaa kwenye kioo. Asilimia kumi. Hamsini. Nilikuwa nasema, mwache, mwache, nilikosea.

Asilimia mia.

"Dada?" Alikuwa yeye kwenye simu ya mama, mwepesi kama kawaida. "Nilisinzia au nini? Faili iko tayari?"

Mjomba alitoka chumba cha nyuma, akasikiliza wimbo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mwendo umekaa sawa. Ila huyu si mdogo wako, mwanangu. Huyu ni wewe."

Nikasikiliza. Kweli. Pumzi zangu, na ile herufi ninayoiburuta tangu utotoni. Nami sikuwahi kurekodi wimbo ule hata siku moja.

Saa mbili kasoro dakika tano. Nikautuma kwa jina lake. Nilikuwa na deni kwake.

Chuoni walimchukua. Siku hizi anaimba jikoni kwa sauti yangu, na mama anasema mtoto amekua, sauti imekomaa. Ninapomsikia, wivu uleule unanipanda, na safari hii sina wa kumlaumu.

Jana mama alinitazama sana mezani.

"Mbona unaongea taratibu hivyo? Unaumwa?"

Nilimjibu hapana. Nikafunga mdomo.

Neno "hapana" lilitoka baadaye, nene, likivutwa, mdomo ukiwa umefungwa.