Tairodi ya Kushoto

Jioni hiyo Nyoosha alibaki gereji kwa kazi ndogo tu, kuosha spana. Mjomba wake alikuwa ameshatangulia nyumbani, nyumba ya tatu kutoka pale ukikata kulia kwenye njia panda, akilalamikia goti lake kama kawaida na kumkumbusha asisahau kufunga geti. Alipenda sana kumkumbusha mambo. Jua lilikuwa limeshazama, giza bado halijakaa sawasawa, na ile saa watu wanapotafuta swichi za taa ilikuwa imefika.

Nyoosha si jina alilopewa na mama yake. Wateja ndio waliombatiza, enzi zile gari lililokuwa likivuta upande likiingia mikononi mwake linatoka limenyooka kama rula. Jina lilibaki. Kazi yenyewe hakuwa ameigusa kwa miaka minne.

Miaka minne nyuma, mchana wa Ijumaa, alibadilisha tairodi za usukani wa gari la mumewe, gari dogo la kusambazia mikate. Kesho yake walikuwa wahame, wakafungue gereji yao mji mwingine. Vitanda vilishafunguliwa, vyombo vilishafungwa kwenye maboksi. Jioni mumewe akatoka kupeleka mikate ya mwisho. Kwenye barabara iliyonyooka, kweupe bado, gari likakata kushoto lenyewe likaingia korongoni.

Mjomba ndiye aliyekwenda kuliona. Alirudi, akamkalisha, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia kwa upole kwamba tairodi ya kushoto ilichomoka, nati ilifunguka. Pini ya kuizuia haikuwepo. "Umesahau pini, mwanangu," alisema. "Kusahau ni ubinadamu. Mimi sitakutupa."

Na kweli hakumtupa. Ndugu wa mume walipoacha kuitikia salamu zake, Mjomba alikuwa upande wake. Alimpa kazi za kubadilisha oili na breki, na kila nati aliyoikaza, Mjomba alipita nyuma yake kuikagua. Hakulalamika. Angelalamikaje, mtu aliyemuua mumewe kwa kusahau kipande cha waya kirefu kama kidole?

Basi alikuwa ameshika komeo la geti aliposikia gari linakuja polepole. Hata kabla hajaliona alijua linaumwa nini.

Kok... kok... kok...

Upande wa kushoto.

Lilikuwa gari la kijivu, dogo, la mizigo. Dereva hakushusha kioo chote. Aliongea kwa sauti ya chini, iliyokwaruza, kama ya mtu mwenye mafua makali. Alisema gari linamvuta kushoto, kuna kona kila akifika anashindwa kuikata. Nyoosha alimjibu kwamba wamefunga, aje kesho, fundi mkuu atamwangalia.

"Nimeambiwa ni wewe tu," dereva alinong'ona.

Maneno hayo yalimgusa pabaya. Miaka minne hakuna aliyemwambia hivyo. Akafungua geti.

Alilegeza nati za gurudumu, akapiga jeki, akaweka stendi, akatoa gurudumu. Alimwomba dereva ashuke, ndiyo utaratibu. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Nyoosha alikuwa tayari amelala chali chini ya gari, taa ya kichwani ikimulika vyuma, kwa hiyo alichokiona ni viatu tu. Vya kahawia, vina udongo mbichi mpaka kwenye kamba. Vilikuja vikasimama karibu na bega lake.

Chini ya gari kuna vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Ncha ya kila kimoja ina kiungo mfano wa nyonga ya mtu: kirungu ndani ya kikombe, kimejazwa grisi na kuvishwa mpira. Hiyo ndiyo tairodi. Kuipima ni rahisi. Fundi anaishika, mwenzake anazungusha usukani. Ikicheza mkononi, imekwisha.

Nyoosha akaishika. Akaomba usukani uzungushwe kidogo, kushoto na kulia.

Usukani ukazunguka. Kushoto... Kulia... Kiungo kikacheza mkononi mwake kama jino bovu.

"Inatosha," alisema.

Ukatulia. Ndipo akageuza kichwa.

Viatu vilikuwa palepale.

Alibaki akivitazama. Alijiambia kuna mtu wa pili ndani ya gari, labda alikuwa amelala kwenye kiti. Alijiambia hivyo mara mbili. Angetoka, lakini upande mmoja ulikuwa ukuta na upande mwingine vilikuwa vile viatu. Akafanya jambo ambalo mikono yake ililijua. Akaendelea na kazi.

Alifuta vumbi kwenye nati ili aone pini. Taa ikamulika rangi ya njano. Mistari miwili mifupi, iliyopita juu ya nati mpaka kwenye chuma.

Mistari ile ni yake. Hakuna fundi mwingine aliyeichora hivyo. Alikuwa akiichora mwisho kabisa, baada ya kuingiza pini, ili ajue amemaliza. Na pini ilikuwepo. Imeota kutu, lakini ipo, mguu mmoja umekunjwa juu na mwingine chini, kama alivyokunja yeye siku zote. Nati haikuwa imesogea hata unywele, maana mistari ilikuwa bado imekutana.

Akili yake ilitafuta maelezo ya kawaida. Mabaki ya gari la mumewe yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na spea huzunguka duniani, zinatoka gari hili zinaingia lile. Sawa. Lakini pini? Ni nani aliyeona kwamba haipo?

Mtu mmoja tu. Wengine wote walisikia kutoka kwake.

Alichomoa pini, akafungua nati, akagonga kiungo kwa nyundo mpaka kikaachia. Kisha akaanza kuizungusha tairodi itoke, akihesabu mizunguko, maana mpya lazima irudishwe kwa hesabu ileile, la sivyo gari haliendi sawa. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kumi alisikia sauti nyingine inahesabu pamoja naye, huko juu, taratibu, ikimngoja asiachwe nyuma. Mumewe alikuwa akimshikia tochi namna hiyo. Akimhesabia namna hiyo.

"Kumi na saba," ilinong'ona sauti.

Tairodi ikadondoka kifuani mwake.

Mpira wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Nyoosha hakuwahi kutumia waya wa shaba. Aliyeutumia, na kuusokota kinyume kwa sababu ni wa mkono wa kushoto, ndiye aliyemfundisha kazi, Mjomba. Aliukata. Ndani hamkuwa na grisi. Kulikuwa na udongo mweusi uliolowa, na ndani ya udongo kipande cha kitambaa cha kijani kilichopigwa mafundo saba, kimezungushiwa nywele ndefu. Kitambaa alikijua, chake cha kichwani. Alikitafuta nyumba nzima wiki ile ya kuhama. Na nywele zilikuwa zake mwenyewe.

Hapo harufu ikaja. Ilianza udongo, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Halafu, juu yake, taratibu...

Mkate. Mkate wa moto.

Alilia bila sauti, chali, machozi yakimwingia masikioni. Alifunga tairodi mpya, mizunguko kumi na saba. Akakaza nati, akatia pini, akaipapasa mara tatu. Ya kulia nayo aliibadilisha, kwa kuwa haibadilishwi moja ikaachwa nyingine. Alipotoka chini hapakuwa na mtu amesimama. Mtu alikuwa kwenye usukani, kioo kimepandishwa, kimebaki ufa wa vidole viwili.

Nyoosha alitaka kusema mambo mengi. Badala yake alirudisha magurudumu, akashusha gari.

"Siku ile hukusahau kitu," ilisema sauti.

Gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka. Halikugonga popote. Lilikwenda limenyooka.

Mjomba alikuwa sebuleni, suruali imekunjwa, anachua goti kwa dawa. Nyoosha aliweka kile kitambaa mezani, udongo na vyote. Mjomba alikitazama kwa muda. Hakuuliza ni kitu gani.

"Pini ilikuwepo, Mjomba."

"Ilikuwepo," alijibu mzee.

Akaeleza huku akiendelea kuchua goti, kama anayezungumzia bei ya betri. Alimlea tangu ana miaka sita. Alimpa mikono yake, akili yake, gereji yake. Kisha akaja dereva wa mikate kumchukua. Alimwendea mganga mmoja, hakutaka kumtaja. Alimwomba kitu kimoja, wasiondoke. Akapewa ile dawa, akaambiwa aiweke mahali gari linapopokea amri ya kukata kona. Aliitia ndani ya mpira Ijumaa ileile, Nyoosha alipokwisha kumaliza kazi. Gari lingepotea njia, lingerudi lenyewe, nao wangekata tamaa ya safari.

"Hakuna aliyenitajia habari za kufa," alisema. "Hilo sikuliomba."

Nyoosha alimuuliza kwa nini basi amtwishe habari ya pini.

Mjomba alichota dawa nyingine kwa kidole. "Alipokufa, ungeondoka peke yako. Mwenye hatia haendi mbali."

Nyoosha alitafuta hasira ndani yake, akaikosa. Alichokiona ni mikono ile ikimshika siku ya msiba, na yeye akiishukuru. Miaka minne akiishukuru.

Mzee akauliza kitambaa kimetoka wapi, naye akamweleza, gari la kijivu na yote. Uso wa Mjomba ulibadilika. Aliuliza gari lile amelifanya nini.

"Nimelibadilishia tairodi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Mjomba aliinuka kama mtu asiye na goti bovu, akasukuma komeo la mlango, akafunga madirisha. Alisema kwa haraka, kwa kunong'ona, kwamba kila magharibi tangu msiba ule husikia gari linapita njia panda. Hujua linamtafuta. Lakini kila likitaka kuingia huku kulia, linavutwa kushoto, linapitiliza. Alikuwa akilisikia linavyogonga mpaka linaishia mbali, ndipo anapata usingizi.

"Kaa na mimi leo tu, mwanangu."

Nyoosha alichukua mkoba wake, akatokea mlango wa nyuma. Mjomba aliufunga nyuma yake, makomeo mawili.

Alikuwa barabarani aliposikia injini. Hakuna kugonga. Ilipita njia panda, ikakata kulia vizuri kabisa, ikazima. Ndipo Mjomba akamwita, kwa lile jina la utotoni ambalo yeye peke yake ndiye aliyebaki kulijua. Akamwita tena. Kisha mlango wa gari ukafungwa polepole, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Asubuhi majirani walivunja mlango. Makomeo yote yalikuwa yamefungwa kwa ndani, madirisha vilevile. Kopo la dawa ya goti lilikuwa wazi mezani. Mjomba hakuwemo, na mpaka leo hajaonekana. Watu wa mtaa walisema ni uzee, wazee hutoka wakapotea. Walimpa pole Nyoosha, naye aliipokea kwa kichwa kilichoinama.

Sasa anaishi mji mwingine, ana gereji yake, anafanya kazi ya usukani. Hajamsimulia mtu yeyote kwamba Mjomba alipoita mara ya pili, alisimama. Aligeuka, akapima kwa macho umbali wa kurudi mpaka mlangoni. Ilikuwa hatua thelathini hivi. Angefika.

Akahamishia mkoba bega la pili, akaendelea kutembea.